Nusu ya Wimbo wa Mama Wanga

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mlangoni kwetu alisimama mtu ambaye mama peke yake ndiye aliyemsikia. Mama yuko mezani anapiga pasi, mimi niko chini ya meza na vibanio vyangu vya nguo, mara anasema kwa sauti ya kuimba, "Apite, humu tunatembea peku." Kisha pasi inakwenda na kurudi, mvuke unapanda, na kimya kinakaa kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kusema jambo fupi. Halafu mama tena, "Apite, humu tutamtafunia." Nilikuwa natoka chini ya meza naenda kufungua mlango. Nje palikuwa na kamba za nguo, shuka nyeupe zimejaa upepo, na paka wa jirani. Niliuacha mlango wazi hivyo hivyo, maana mgeni ameshakaribishwa, na mama akafoka kwamba naingiza vumbi kwenye nguo za Mungu.

Nguo za Mungu ndizo zilizotulisha. Mama alikuwa dobi wa kanisa: kanzu thelathini na mbili za kwaya, joho la mchungaji, vitambaa vya mimbari, na kitambaa kirefu cha meza ya Bwana ambacho hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kukikunja. Alikisuuza kwenye maji ya buluu, akakitia wanga aliopika mwenyewe kwenye sufuria isiyopikiwa kitu kingine, akakianika kivulini, na kabla hakijakauka kabisa akakileta mezani. Alipima moto wa pasi kwa kidole kilicholowa mate, tss, akainamisha sikio. Alinyunyiza maji kwa ncha za vidole. Alikunja mara tatu kwa upana na mara mbili kwa urefu ili msalaba uangukie katikati, na usipoangukia katikati alikunjua akaanza upya bila kunung'unika, jambo la ajabu, kwa sababu kwa mengine yote mama ni mnung'unikaji hodari. Mchana jua lilipopenya kwenye kanzu zilizoning'inia, chumba kizima kiligeuka cheupe, na tulikuwa kama tunaishi ndani ya wingu. Mpaka leo nikipita karibu na mtu anayepiga pasi usingizi unanijia.

Meza yenyewe ilikuwa mlango. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa seremala. Mwaka kanisa lilipobadilishwa mlango yeye ndiye aliyetengeneza mpya, na wa zamani akauleta nyumbani, akauwekea miguu minne, mama akautandikia blanketi na shuka. Ukikaa chini yake uliliona tundu la ufunguo. Nilitia kidole mle, mama akakihisi chini ya blanketi, akakigonga kwa mgongo wa kijiko. "Toa mkono, nitakunyoosha na wewe!"

Watu wakamwita Mama Wanga, kwa sababu ya ule wanga wake wa nguo. Wenyeji tulizoea, hatukulisikia tena lile jina lina maana gani nyingine. Lakini alipoletwa mchungaji wa sasa, mtu wa miwani na adabu nyingi, katibu wa kanisa alimwambia bila kufikiri, "Vitambaa vya madhabahu viko kwa Mama Wanga, mchungaji. Hata kanzu zako ukitaka tutazipeleka huko." Mchungaji akaondoka na jina hilo. Jumapili alihubiri dakika hamsini juu ya wachawi, macho yake yakitembea benchi kwa benchi. Mama alikaa benchi la tatu na kuitikia amina kwa nguvu kuliko wote, maana wachawi hata yeye hawapendi. Jumatatu mchungaji akaja nyumbani na Biblia na wazee wawili wa kanisa, akakuta sufuria ya wanga inatokota jikoni na kola zake mwenyewe zimepangwa mezani zikingoja. Wale wazee walicheka mpaka mmoja akatafuta pa kukaa. Mchungaji akaomba radhi, akapewa chai, na akiwa na kikombe mkononi akamsikia mama, aliyekwisha kusahau kama kuna wageni, akisema na pasi yake, "Apite, jina lake lilitangulia, limekaa."

"Mama," akauliza, "huyo unayemjibu ni nani?"

"Hakuna mtu, mchungaji. Mazoea tu."

Kumbe kamgusa mtu asiyeachia. Mchungaji alikuwa amekuja na wazo lake tangu alikotoka: kwamba tunawabatiza watoto kwa nyimbo ambazo bibi zao wanazisinzia, na nyimbo ambazo bibi zao wanazijua tumeziacha nje kama viatu vya matope. Aliuliza wimbo ule ni wa nini. Mama akajibu kwamba ni wa kumwingiza mtoto ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza, ni wa kina mume wake, na umekwisha. Mchungaji akasema ubatizo nao si kitu kingine. Wiki ile ile mwalimu wa kwaya akatumwa kwetu na daftari.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kujifungulia kwa mama, na binti yangu alikuwa na miezi miwili, analala kutwa kwenye kapu la nguo safi na kuamka akinuka sabuni. Mwalimu wa kwaya alikaa mchana mzima, penseli sikioni, akisikiliza. Siku ya pili akafunga daftari.

"Mama, huu wimbo ni majibu matupu. Ni kama kumsikiliza mtu anaongea na simu."

"Ndivyo ulivyo."

"Na upande wa pili je?"

"Siujui. Mimi niliolewa kuja kuitikia, sikuja kuita."

"Basi tubuni. Ukisema 'humu tunatembea peku', bila shaka aliyeko nje amesema mtoto hana viatu. 'Humu tutamtafunia', amesema hana meno. 'Jina lake lilitangulia', amesema hana jina. Si ndiyo?" Alikuwa amefurahi, anaandika. "Sasa hili la nne: 'Apite, hata hilo tunalijua.' Hilo lipi?"

Mama akanyunyiza maji kwenye kanzu ambayo ilikuwa imelowa tayari.

"Hilo lipi, mama?"

"Andika matatu yakutoshe, mwalimu."

Akaandika matatu. Mstari usiokuwa na mwenzake haupandi kwenye kinanda, alisema, akaenda zake kuwafundisha wanakwaya. Siku ya ubatizo ikapangwa, na mtoto wa kwanza wa kuingizwa kwa wimbo ule akawa wangu. Hapo mama akagoma. Alisema wimbo usio na mwitaji haupelekwi mbele za watu, kwamba nyumbani kuonekana kichaa kunatosha, na kwamba mtoto atabatizwa kwa wimbo wa kitabuni kama watoto wengine wote wenye akili timamu.

Nikachukia. Nina hasira za karibu, nimezirithi kwa mtu ambaye alikuwa amesimama mbele yangu na pasi. "Mama, miaka yote unamkaribisha mtu asiyekuwepo, leo anakuja aliyepo kweli unamfungia?"

Aliiweka pasi wima. Alipoanza kusema hakunitazama, alitazama mkono wa kanzu, akaunyoosha na kuunyoosha tena hata pasi ilipokuwa imepoa.

Alisema hivi. Mama mkwe wake alikuwa na binti mmoja, na alipompata mkamwana, yaani mama, aliwagawia wimbo ule wawili hao. Binti wa nyumba husimama nje na mtoto mikononi, anaita. Mke wa nyumba hukaa ndani, anaitikia, na wanawake wengine wanamfuata. Hakuna aliyefundishwa pande zote mbili, kwa sababu bibi alisema mtu anayejua kujiita na kujiitikia atakuja kuona hahitaji watu. Miito mitatu ya kwanza ni ile ile kwa kila mtoto. Wa nne haufanani. Wa nne, mwitaji anasema jambo ambalo nyumba inalinong'ona: deni la aibu, ugomvi, ulevi wa baba, chochote ambacho mtoto anaweza kuja kuchekwa nacho. Analisema kwa sauti, pale mlangoni. Na wa ndani wanajibu, "Apite, hata hilo tunalijua." Basi limekwisha. Mtoto ameingia, na lile jambo halina pa kujificha tena.

"Siku ya kubatizwa kwako," mama akasema, "wifi yangu hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikubeba yeye. Sisi tulikwisha kukaa ndani, mimi pale karibu na maji, yeye akasimama kwenye mlango wa kanisa, akaita."

"Shangazi?"

"Shangazi yako. Alikuwa na sauti, wewe! Huna viatu, nikaitikia. Huna meno, nikaitikia, ila chini chini, maana mchungaji wa wakati ule alikuwa ameacha kusoma ananitazama. Huna jina, nikaitikia kama mtu anayekohoa. Halafu akaita la nne." Mama akakunja mkono wa kanzu, akaukunjua. "Akasema, 'Nimekuja na mgeni, aliitangulia pete.'"

Niliangua kicheko, Mungu anisamehe. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu darasa la saba, siku nilipokiona cheti chao cha ndoa na kuhesabu miezi kwa vidole.

"Cheka," mama akasema. "Benchi zima liligeuka. Mchungaji akainua mkono, hivi. Nikatazama viatu vyangu. Wifi akangoja. Nilikuwa namsikia anavyongoja. Wanawake wa ukoo wote wananingoja mimi nianze, na mimi mdomo umekufa. Akaita mara ya pili. Kimya. Akakuweka mikononi mwa baba yako, akageuka. Hajaukanyaga mlango ule tena mpaka leo. Hata baba yako alipokufa, shughuli ya kanisani aliisikilizia nje."

Nilikumbuka kwamba ni kweli. Nilikumbuka pia jambo jingine. Kwa sheria ya wimbo ule, mtoto aliyeitiwa bila kuitikiwa bado yuko mlangoni. Mimi nina miaka thelathini na minne, nimeingia kanisani pale Jumapili zisizo na idadi, nimeolewa pale, na kumbe huyo asiyeonekana ambaye mama alikuwa akimkaribisha juu ya mlango wa zamani, kila siku, kanzu baada ya kanzu, alikuwa ni mimi. Na mara ngapi nilitoka chini ya meza kwenda kumfungulia.

Shangazi anauza vifungo. Duka lake liko mtaa wa pili kutoka kwetu, dogo kiasi kwamba mteja wa pili husimama nje: makopo ya vifungo mpaka darini, zipu zimening'inia, nyuzi kwa rangi. Macho yake yamepungua nguvu, siku hizi anachambua kwa vidole, na hakosei. Tangu utoto wangu nimekuwa nikitumwa pale. Kanzu ya kwaya ikipoteza kifungo, mama alinipa kimoja kilichobaki ndani ya karatasi, bila neno. Shangazi alikipapasa, akatafuta mwenzake, akakifunga kwenye karatasi ile ile, bila neno. Mara nyingi nilikuta viwili wakati tulihitaji kimoja. "Mama yako hajambo?" "Hajambo, shangazi." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya mawifi wale kwa miaka thelathini na minne.

Siku ile mama alikwenda mwenyewe. Alivaa vizuri kuliko safari ya mtaa wa pili inavyohitaji. Mimi nilimfuata na mtoto mgongoni kwa sababu sikumwamini kwamba hatageuka njiani, na kweli, kwenye kona ya fundi baiskeli aligeuka, akanikuta nimeziba njia.

"Hodi," mama akasema.

Shangazi aliendelea kuchambua. Vifungo viliangukia koponi kimoja kimoja.

"Hodi, wifi."

Kimoja. Kingine.

"Hodi."

"Nimesikia tangu ya kwanza," shangazi akasema. "Nilikuwa nahesabu."

"Vifungo?"

"Miaka. Karibu. Huyo nyuma apite naye, huko nje kuna jua."

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mikono akapewa mtoto, akampapasa uso kwa vidole vile vile vya kuchambulia. Hakusema anafanana na nani. Mama alibaki amesimama kati ya zipu, hajui pa kuweka mikono yake. Sijawahi kumwona mama mdogo namna ile.

"Umekuja kutafuta kifungo?"

"Nimekuja kutafuta maneno, wifi. Kanisa linautaka wimbo. Mchungaji mwenyewe anautaka."

"Alaa. Sasa umekuwa mzuri?"

"Ulisema mbele ya watu," mama akasema ghafla. "Ungeweza kusema jambo lingine lolote. Ulichagua lile."

"Nilichagua lile kwa sababu lile ndilo walilokuwa wanalisema. Benchi la nyuma lilikuwa linahesabu kwa vidole, nimewakuta mlangoni. Ningekuja na kitu gani? Eti kaka yangu anakoroma? Niliwanyang'anya, wifi. Nililitoa midomoni mwao nikakupa wewe ulimalize, na ulitakiwa useme maneno matatu tu."

"Manne," mama akasema.

Shangazi akayahesabu kimoyomoyo. Midomo ilimcheza kidogo. "Manne. Tazama, unayajua hata idadi."

"Mchungaji alikuwa ananitazama."

"Na mimi nilikuwa nakuita. Watu wanasema kataa neno, usikatae wito. Neno ulilikataa, sawa, lilikuwa chungu. Lakini wito, wifi? Ungesema hata 'bee'. Nilisimama pale na mtoto wa kaka yangu kama mwombaji aliyegonga nyumba ya watu waliokula."

Mama akalia. Hakulia kwa heshima, alilia kama mtoto, na leso yake iliyotiwa wanga haikukausha kitu, ilisukuma machozi huku na huku. Shangazi alimwachia alie. Alimbembeleza mjukuu wake, akavitikisa vifungo ndani ya kopo ili mtoto asikie, na mlio wake ukawa kama mvua inayonyesha kwa jirani tu.

"Utaita?" mama akauliza mwishoni.

"Mimi? Sauti yangu niliiacha pale mlangoni, sijairudia. Ita wewe."

"Mimi ni mke wa nyumba, wifi. Naitikia."

"Nyumba ya nani? Kaka yangu yuko kaburini. Mwenye mtoto ni binti yako, anayemleta ni wewe. Safari hii mimi nitakaa ndani."

"Utakuja?"

"Nikimaliza kuchambua."

"Na utaitika?"

Shangazi alimkabidhi mama yule mtoto, akavuta kopo lake. "Hilo si la mwitaji kulijua," akasema.

Miito mitatu alimfundisha pale pale, dakika mbili, na ilikuwa ile ile aliyoibuni mwalimu wa kwaya, ila iliyosemwa na mtu anayeijua. Wa nne alikataa. Alisema haufundishwi, unauokota mlangoni.

Siku zilizofuata mama alipiga pasi bila kusema neno. Nyumba ikawa ngeni. Nilikuwa nakaa na mtoto kwenye mwanga ule mweupe, pasi inakwenda na kurudi, na mahali pa majibu palikuwa patupu. Mara nyingine nilimwona amesimama, pasi hewani, midomo inajaribu kitu, kisha anatikisa kichwa. Kanzu moja ya kwaya aliiunguza mgongoni, alama ya pasi kamili, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Aliyeivaa Jumapili ile alikuwa sauti ya nne na alilalamika mpaka akapewa nafasi ya kusimama nyuma ya nguzo.

Katibu wa kanisa naye hakukosa la kusema. Tulipofika asubuhi alikuwa kwenye ngazi, tai imemkaba, akimwambia mchungaji kwamba haya mambo ya zamani yangeishia mlangoni. "Ndipo yanapoishia, mzee," mchungaji akamjibu kwa upole, "subiri utaona." Nilimpenda mchungaji wangu siku ile.

Watu waliingia, wakakaa. Wanakwaya walikuwa na karatasi zao, miito mitatu na majibu matatu, kinanda kikawapa sauti. Mume wangu alitangulia mbele, karibu na maji. Mimi na mama tulibaki nje ya mlango alioutengeneza baba, mlango mzito wenye pambo la majani ambayo aliyachonga kwa miezi minne na kusema kila siku kwamba yanakwisha kesho. Mama alikuwa na mtoto mikononi ndani ya kitambaa cheupe kilichonyooshwa mpaka kinasimama chenyewe. Nilichungulia. Benchi la tatu, mahali pa mama, palikuwa wazi. Benchi la nne, la tano. Kisha nikamwona shangazi, ameketi upande wa ukuta peke yake, pochi kwenye magoti, uso ameuelekeza mbele kama mtu anayengoja zamu hospitali.

Mama akaita.

Sikujua kama ana sauti ile. Ilikuwa na kutu, ilianza chini, kisha ikapanda ikaingia ndani ya kanisa kabla yetu. "Nimekuja na mgeni, hana viatu!"

"Apite, humu tunatembea peku," kwaya ikaitikia, sauti nne, kinanda chini yake, na bibi fulani mbele akashtuka kana kwamba ameguswa begani na mtu wa siku nyingi.

"Nimekuja na mgeni, hana meno!"

"Apite, humu tutamtafunia." Sasa walikuwa wengi. Wazee walikuwa wanatafuta yale maneno kwenye dari, na kuyapata.

"Nimekuja na mgeni, hana jina!"

"Apite, jina lake lilitangulia, limekaa."

Hapo karatasi iliishia. Wanakwaya wakazikunja, mwalimu akashusha mikono, mchungaji akafungua kitabu na kutupungia tuingie. Nikapiga hatua. Mama hakupiga. Alimkumbatia mtoto mpaka kitambaa kikavunjika mikunjo, akavuta pumzi, akaita tena.

"Nimekuja na mgeni, bibi yake aliitwa, hakuitika!"

Kinanda kilikuwa kimekwisha kufungwa. Mwalimu wa kwaya alitazama karatasi yake mbele na nyuma. Katibu alimtazama mchungaji, mchungaji akamtazama mama, na hakuinua mkono. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha, polepole. Nilimwona shangazi. Hakugeuka. Alifungua pochi, akaifunga.

Mama akangoja. Nilikuwa nyuma yake, naona shingo yake, nywele nyeupe zilizotoroka kwenye kilemba, na nikamwelewa shangazi kwa mara ya kwanza, yaani nikaelewa jinsi mlango ulio wazi unavyoweza kuwa mrefu. Nilitaka kuitikia mimi. Nisingeweza. Nilikuwa nje.

Mama akaita mara ya pili, na sasa haikuwa kuimba tena, ilikuwa kusema. "Wifi. Aliitwa, hakuitika."

Shangazi akasimama. Aliweka pochi kwenye benchi, akageukia mlangoni na macho yake yasiyoona mbali, akatuelekea kwa sikio. Sauti aliyodai ameiacha mlangoni pale ilitoka yote. Lakini hakusema "apite". Silabi ya kwanza alikuwa ameibadilisha, na mimi mwenye miaka thelathini na minne nikasikia imenibeba na mimi.

"Wapite," shangazi akaitikia. "Hata hilo tunalijua."

Tukapita.